Ukubwa wa Rada si Uoni Wake

Wahenga walisema kuwa ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Methali hii aghalabu husemwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna hukumu nzito, nayo leo nataka kuipitisha juu ya kosa moja liwezalo kugharimu mataifa fedha na wasafiri roho zao. Kosa hilo ni imani kwamba rada ni jicho lisilofumba, lionalo kila kitu kirukacho angani. Na kwamba nchi ikitaka kuona mbali zaidi, yaipasa tu kununua mtambo mkubwa zaidi, wenye nguvu zaidi na bei kubwa zaidi. Imani hii haikai kwa wajinga peke yao. Hukaa barazani, hukaa sokoni, na mara nyingine hukaa katika viti ambamo fedha za umma hugawanywa. Mimi nasema kuwa imani hii ni potofu, na katika kurasa hizi nakusudia kuonyesha upotofu wake kwa hesabu, kwa historia na kwa mifano ya nchi zetu wenyewe.

Kwanza tujue rada ni kitu gani. Mtu asimamaye mbele ya jabali akapiga ukelele husikia sauti yake ikimrudia. Na akihesabu muda uliopita, aweza kujua jabali li mbali kiasi gani. Rada hufanya vivyo hivyo, ila ukelele wake ni mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, yaendayo kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mpigo hutoka katika antena, huenda, hugonga ndege, na sehemu ndogo sana ya nguvu yake hurudi kama mwangwi. Muda wa kurudi hutoa umbali, na upande ambao antena imeelekea hutoa mwelekeo. Mwongozaji wa ndege huona alama katika kioo chake, akajua kuwa mahali fulani angani pana chombo chenye watu.

Kazi hiyo ina thamani isiyopingika. Mahali pasipo na rada, mwongozaji hutegemea maneno ya rubani, naye hulazimika kutenganisha ndege kwa dakika 10 au 15 za safari. Na ndege ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa hupita kilomita 150 katika dakika 10. Mahali penye rada nzuri, ndege mbili zaweza kuongozwa kwa salama zikiwa zimeachana kilomita 9 tu, na karibu na uwanja hata chini ya hapo. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili kubwa zilizotoka Los Angeles ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon, nchini Marekani, wakafa watu 128, yaani wote waliokuwamo. Anga ile haikuwa na rada ya kuwaongoza. Msiba ule uliwaamsha Wamarekani, na mwaka 1958 wakatunga sheria mpya ya usafiri wa anga. Basi sibishani na rada. Nabishana na wale waitukuzao bila kuifahamu.

Wasemao kuwa nguvu ndiyo kila kitu waanze kwa kuitazama dunia. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya rada huenda karibu sawa na mstari ulionyoka. Kwa hiyo, kama vile baharia asivyoweza kuona chombo kilicho chini ya upeo wa macho, ndivyo rada isivyoweza kuona ndege iliyozama chini ya upeo wake. Kila mwanafunzi aweza kuifanya hesabu hii. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12, fanya hivyo pia kwa kimo cha ndege, halafu jumlisha. Jibu ni upeo wa rada kwa kilomita. Antena iliyo mita 30 juu ya nchi tambarare itaiona ndege iliyo mita 10,000 kwa umbali wa kilomita 435 hivi. Ndege hiyo ikishuka mpaka mita 3,000, upeo hupungua mpaka kilomita 248. Ikishuka mpaka mita 300, upeo hubaki kilomita 94 tu. Ongeza nguvu mara 10, ongeza mara 1,000. Tarakimu hizi hazitatikisika hata kidogo, kwa kuwa hakuna nguvu iwezayo kuipinda dunia.

Tena hesabu hiyo ni ya nchi tambarare, na nchi yetu si sinia. Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199. Nyandarua wakaribia mita 4,000. Na Bonde la Ufa limechimbika kati ya kuta zake. Nyuma ya kila mlima mna kivuli cha rada kama vile nyuma ya kila nyumba mna kivuli cha jua. Ndege iliyo katika kivuli hicho haionekani, hata ikiwa karibu na mtambo kuliko nyingine zinazoonekana. Kwa sababu hii, mahali ambapo rada itajengwa pana uzito kuliko bei ya rada yenyewe. Lakini hata hapo hapana faida isiyo na gharama. Ukiipandisha antena juu ya kilima, utaona mbali. Lakini pia utapokea mwangwi wa kila jabali, kila paa na kila wimbi la bahari linaloonekana kutoka hapo, na ndege yaweza kupotea katika msongamano huo kama sindano katika majani makavu.

Sasa tuipime nguvu yenyewe, ili wapenzi wake wasiseme kuwa tumewaonea. Ni kweli kwamba ndani ya upeo, nguvu husaidia. Lakini husaidia kwa ubahili wa ajabu. Mawimbi hutawanyika yakienda, na mwangwi nao hutawanyika ukirudi. Kwa hiyo ndege ikiwa mbali mara 2, mwangwi wake hudhoofika mara 16. Anayetaka kuona mbali mara 2 kwa kuongeza nguvu peke yake hana budi kuizidisha nguvu hiyo mara 16: mtambo wa kilowati 100 ugeuke kuwa wa kilowati 1,600. Akitaka mara 3, azidishe nguvu mara 81. Mfanyabiashara gani mwenye akili atanunua bidhaa kwa masharti hayo, bila kuuliza kwanza kama hakuna njia nyingine?

Njia nyingine zipo, lakini kila moja hudai malipo yake. Mtambo utoao mapigo 1,000 kwa sekunde hauna budi kupokea mwangwi wa kila mpigo kabla ya kutoa mwingine, ama sivyo utachanganya wa zamani na wa sasa. Na katika muda huo wimbi laweza kwenda na kurudi kilomita 150 tu. Ukitaka kilomita 300, yakupasa kupunguza mapigo mpaka 500. Lakini mapigo yakipungua, kila ndege hugongwa mara chache, na mwangwi wake huwa hafifu zaidi katikati ya makelele. Ili kufidia, waweza kuizungusha antena polepole. Antena izungukayo mara 5 kwa dakika huitazama kila ndege mara moja kwa sekunde 12. Na katika sekunde 12 ndege iendayo kilomita 900 kwa saa huwa imekwisha kupita kilomita 3. Mwongozaji wa njia ndefu aweza kuvumilia hayo. Mwongozaji wa ndege zinazokaribia kutua hawezi. Yeye huhitaji antena izungukayo mara 12 au 15 kwa dakika. Mshika mbili moja humponyoka. Rada ya njia ndefu na rada ya uwanjani ni mitambo miwili yenye tabia mbili, na anayedai mtambo mmoja ufanye kazi zote mbili kwa ukamilifu anadai panga lipasue kuni na kunyoa ndevu.

Vivyo hivyo antena. Ikiwa pana, mwale wake huwa mwembamba, na ndege mbili zilizo karibu huonekana mbili. Ikiwa ndogo, mwale hutanuka. Antena ya mita 5, kwa wimbi la sentimita 10, hutoa mwale wa digrii moja na nusu hivi. Kwa umbali wa kilomita 100 mwale huo una upana wa kilomita 2 na zaidi, na ndege mbili zilizo ndani yake kwa umbali mmoja huweza kuonekana moja. Na juu ya antena yenyewe mna mahali pasipoonwa, pafananapo na pia iliyopinduliwa. Mwale ukiishia digrii 45 juu ya ardhi, ndege iliyo mita 10,000 hupotea pale inapofika umbali wa kilomita 10 kutoka kituoni, ikaonekana tena upande wa pili. Jicho hili halioni utosi wake. Tiba yake ni rada nyingine ya jirani itakayopatazama pale kutoka ubavuni.

Historia nayo ina somo. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na mji wa Daventry, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walionyesha kuwa ndege yaweza kutambuliwa kwa mawimbi ya redio. Waingereza wakajenga safu ya vituo pwani mwao, yenye minara ya chuma ya mita 110 hivi. Ilikuwa mitambo mikubwa, yenye nguvu, fahari ya taifa lake. Lakini mawimbi yake yalikuwa na urefu wa mita 10 na zaidi, na mawimbi ya namna hiyo, yakiakisiwa na ardhi, huinuka na kuacha nafasi tupu chini. Ndege iliyoruka chinichini iliweza kupita katika nafasi ile. Je, Waingereza walirefusha minara au kuzidisha nguvu? La. Walijenga safu ya pili yenye mitambo midogo zaidi, iliyotumia mawimbi ya mita 1.5, kazi yake kutazama chini. Taifa lililokuwa likikabili vita halikuona haya kukiri kuwa mtambo wake mkubwa ulikuwa na upofu. Kwa nini sisi, katika amani, tuone haya kuuliza?

Wako watakaosema: hayo ni mambo ya rada ya msingi, isikilizayo mwangwi mtupu, leo tuna rada ya upili, ambayo huiuliza ndege swali, na kifaa kiitwacho transponda hujibu kwa namba na kimo cha ndege. Nakubali kuwa jambo hili ni neema. Jibu la ndege lina nguvu kuliko mwangwi, na huonekana mbali kwa nguvu ndogo. Lakini neema hii ina sharti: ndege iwe na transponda, na transponda iwe inafanya kazi. Tarehe 11 Septemba 2001, katika ndege 3 kati ya 4 zilizotekwa nyara nchini Marekani, transponda zilizimwa. Mojawapo, iliyokuwa katika safari namba 77 ya shirika la American, ilisafiri dakika 36 kuelekea Washington bila kutambuliwa na waongozaji, na miongoni mwa sababu zilizotolewa na tume ya uchunguzi ni udhaifu wa rada za msingi katika eneo lile. Taifa tajiri kuliko yote lilikuwa na tundu katika anga yake, na halikulikumbuka mpaka siku ya msiba.

Wengine husema kuwa siku hizi ndege hujitangaza zenyewe: kila moja hupokea mahali pake kutoka kwa setilaiti, kisha hutangaza mahali hapo kwa redio, na kwa hiyo rada imekwisha kazi. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Njia hiyo ni rahisi kwa gharama, na yafaa sana nchi pana zenye mapato madogo. Lakini humtegemea anayetazamwa aseme yuko wapi. Mawimbi ya setilaiti hufika duniani yakiwa dhaifu mno, na huweza kuvurugwa au kughushiwa, hasa karibu na nchi zenye vita. Mlinzi wa lango hatoshi akiwa hana neno ila kuwauliza wapitao majina yao. Anayetaka kuifukuza rada kwa sababu ya njia mpya hutenda kosa lile lile la anayetaka rada kubwa peke yake: wote wawili wanatafuta jicho moja la kutosha, na jicho hilo halijazaliwa.

Sasa na tuje nyumbani. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kuiuzia Tanzania rada ya kampuni ya BAE Systems, kwa bei ya pauni milioni 28. Clare Short, aliyekuwa waziri wa Uingereza wa maendeleo ya kimataifa, alipinga. Benki ya Dunia nayo ilipinga. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mbele ya mahakama mjini London kosa la kutoweka sawasawa kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilielekezwa katika elimu, kwa vitabu na madawati.

Watu wengi walizungumza juu ya bei, na walikuwa na haki. Wengi walizungumza juu ya hesabu, na walikuwa na haki pia. Lakini mimi nauliza swali ambalo barazani halikusikika sana: mtambo mmoja uliosimama Dar es Salaam ungeweza kuona nini? Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyoka, na mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000. Mmekwisha kuifanya hesabu pamoja nami. Hata ndege iliyo mita 10,000 juu ya Ziwa Victoria isingeweza kuonwa kutoka pwani, hata mtambo ungekuwa wa dhahabu. Lau bei ingekuwa nusu, dunia isingekuwa bapa. Na lau hesabu zingekuwa safi kama theluji ya Kilimanjaro, Mwanza isingesogea hatua moja. Baadaye Tanzania iliweka rada katika vituo vinne, yaani Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hapo ndipo busara ilipochukua nafasi ya ukubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jicho moja halilindi nchi.

Tena tujiulize ni nani aumiaye kwa upofu huu. Ndege kubwa zivukazo Afrika huruka mita 10,000, nazo huonekana kwa urahisi kutoka vituo vichache. Anayebaki gizani ni yule arukaye chini: ndege ndogo iliyotoka uwanja wa Wilson kupeleka dawa Turkana, ndege ya madaktari warukao, ambao huduma yao ilianzishwa mwaka 1957, iliyomchukua mama mgonjwa katika uwanja wa vumbi, ndege ya walimu, ya miraa, ya watalii waendao Maasai Mara. Wanunuzi wakisifia mtambo wao kuwa huona kilomita 400, wanasema kweli juu ya wale walio juu, na wananyamaza juu ya walio chini. Umbali utajwao bila kimo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika anga ni hatari kuliko uongo mzima, kwa kuwa mwenye kuambiwa uongo mzima huweza kushuku.

Kwa hiyo nadai jambo moja, nalo ni dogo. Fedha ya umma isitolewe kwa rada yoyote mpaka wananchi waonyeshwe ramani ya uoni wake: ramani moja kwa mita 300, ya pili kwa mita 1,000, ya tatu kwa mita 3,000, na ya nne kwa mita 10,000, kila ramani ikiwa na vivuli vya milima vilivyochorwa bila aibu. Ramani hizo hutengenezwa kwa hesabu kabla jiwe la kwanza la msingi halijawekwa. Muuzaji asiyetaka kuzionyesha ana jambo la kuficha, na mnunuzi asiyezidai ana uvivu wa kufahamu.

Nanyi mnaosoma maneno haya katika madawati yenu, msidhani kuwa mambo haya ni ya wahandisi peke yao. Kipeuo cha pili mmekwisha kufundishwa. Umbo la dunia mmekwisha kufundishwa. Mwangwi mnaujua tangu mlipokuwa wachunga mbuzi mabondeni. Elimu hiyo ndogo yatosha kumzuia muuzaji mwenye ulimi mtamu, na siku moja baadhi yenu mtakaa katika viti vya bunge na vya bodi, mkiwa na kalamu ya kutia sahihi. Siku hiyo mtaletewa picha ya mtambo mkubwa unaong'aa, na mtaambiwa kuwa huona kila kitu. Ulizeni kwanza umesimama wapi, kisha ulizeni ni nini kisichoonekana kutoka hapo. Asiyeweza kulijibu swali la pili, msimpe fedha za watu.